Kwa Nini Forodha kwa Kiingereza Ni "Desturi"? Maneno ya Mpakani Tunduma

Nilipokuwa kidato cha pili nilimpotezea shangazi yangu magunia mawili ya mchele kwa sababu ya neno moja la Kiingereza.

Shangazi alikuwa anauza mchele ng'ambo, Nakonde. Kama hujawahi kufika kwetu, Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliopigwa mstari katikati: huku Tanzania, mkoa wa Songwe, kule Zambia. Unanunua sabuni huku, unakwenda kumsalimia mjomba kule. Siku hiyo mtu alimpa fomu ya kujaza, Kiingereza kitupu, naye akaniletea mimi, msomi wa nyumba. "Mwanangu, hapa wanataka nini?" Kidole chake kilikuwa juu ya neno "tariff". Sikulijua. Lakini unajua ilivyo ukiwa kidato cha pili, halafu shangazi anakuuliza Kiingereza mbele ya watu. Nikajibu kwa sauti kabisa: "Hiyo ni faini, shangazi."

Akaikunja ile fomu akaitia kwenye khanga. Faini kabla hata hajavuka? Jioni akapita njia ya panya, na vijana wawili wenye baiskeli, magunia matatu. Doria ikawakuta. Alirudi na gunia moja.

Miaka mingi baadaye, chuoni, ndipo nilipojua kwamba ile safu ilikuwa inataka namba tu. Bidhaa zote zinazovuka mipaka zimepangwa kwenye orodha moja inayotumika karibu dunia nzima. Kwenye orodha hiyo nafaka ziko sura ya 10, mahindi ni 1005 na mchele ni 1006. Mchele wa Kyela, wa Kamsamba, wa Thailand, wote ni 1006. Shangazi alitakiwa kuandika tarakimu nne, basi.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua nilipolifuatilia neno lenyewe. "Tariff" liliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Waingereza walilipata kwa Wafaransa na Waitalia, ambao wafanyabiashara wao walikuwa wakiita "tariffa" ile jedwali ya bei na ushuru. Waitalia walilipata upande wa mashariki wa bahari ya Mediterania, kwenye Kituruki, na Waturuki kwenye Kiarabu: "ta'rif", yaani kutoa habari, kujulisha. Sasa litamke tena taratibu. Ta'rif. Ndiyo, ni ukoo mmoja na "taarifa". Mzizi huohuo wa Kiarabu ndio uliotupa arifu, maarifa na maarufu. Neno moja lilipanda merikebu za Venice likaenda kaskazini, ndugu yake akashuka na majahazi hadi pwani yetu, na siku moja wakakutana Tunduma kwenye fomu ya gunia la mchele. Wala hawakutambuana, kwa sababu mimi niliyekuwa mkalimani nilisema "faini".

(Ukitafuta mtandaoni utakutana na hadithi kwamba "tariff" limetokana na mji wa Tarifa, kusini mwa Hispania, eti maharamia wa pale walikuwa wakitoza kila meli inayopita. Hadithi tamu, lakini si kweli. Mji ule ulipewa jina la Tarif ibn Malik, aliyeongoza kikosi kilichovuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 710. Majina mawili yanafanana tu, watu wakayaoza.)

Tangu hapo nimekuwa na ugonjwa mmoja: kila nikirudi nyumbani nasoma vibao na karatasi za mpakani kama mtu anayesoma majina makaburini. Nakuomba unisindikize kidogo.

Anza na kibao kikubwa kuliko vyote, "Customs". Mwanafunzi makini atakwambia "custom" ni desturi, mila. Sasa kwa nini ofisi ya kutoza kodi iitwe Desturi? Kwa sababu ndivyo kodi hizo zilivyoanza. Mfalme au bwana wa eneo alikuwa akichukua sehemu ya kila mzigo unaopita kwake, na ukimuuliza kwa nini, jibu lilikuwa: ndiyo desturi, baba yangu naye alichukua. Mwaka 1275, enzi za Edward wa Kwanza, Uingereza iliweka ushuru rasmi kwa sufu inayouzwa nje, nao ukaitwa hivyohivyo, desturi. Neno limetokana na Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na lina ndugu wa kushangaza: "costume", vazi. Ukifikiri kidogo unaona mantiki: vazi la watu fulani ni desturi yao iliyoshonwa.

Kiswahili kilichukua njia nyingine. "Forodha" ni neno la Kiarabu la mahali pa kupakulia vyombo, gatini. Ndiyo maana Unguja kuna Forodhani, na iko palepale baharini. Tunduma iko zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, hakuna hata ziwa karibu, lakini ofisi yetu bado inaitwa kwa jina la ufukwe. Na "ushuru"? Hilo ni sehemu ya kumi, kutoka mzizi uleule wa Kiarabu wa kumi ambao pia umetupa "ishirini". Kwa hiyo ukisema ushuru wa asilimia ishirini, kwa mizizi yake umesema sehemu-ya-kumi mara mbili. Serikali nyingi za leo zingecheka sana kusikia kwamba ushuru ulikuwa kumi tu.

Toka nje ya ofisi sasa, uangalie malori. Wakati mwingine yamepangana hadi huoni mwisho. Dereva Mzambia atakwambia yuko kwenye "queue", neno la Kifaransa lenye maana ya mkia. Nadhani hakuna neno linalolifaa zaidi lori la hamsini kutoka mbele. Sisi tunasema "foleni", na wengi hudhani ni Kiswahili cha asili. Hapana, ni Kiingereza: "fall in", amri ya sajini kwa askari wajipange. Tumeisikia kwenye viwanja vya gwaride vya kikoloni, tukaipeleka kwenye bomba la maji, kwenye hospitali, kwenye daladala. Mzungu mwenyewe akija leo hawezi kuitambua amri yake.

Maneno ya ofisini na barabarani yanachekesha, lakini lililonisumbua usiku ni la mstari wenyewe. Nani aliamua upite hapa? Kwa nini si kilomita ishirini kusini, au kaskazini?

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba mjini Berlin. Wengi tunaukumbuka kwa habari ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, lakini ndani yake kuna aya inayotuhusu sisi wa Songwe. Inaanza pwani ya kusini kwa mto Ruvuma, inazunguka ziwa Nyasa hadi mdomo wa mto Songwe, inaupanda mto huo, kisha inauacha na kwenda kushika kitu ambacho hakionekani kwa macho: ukingo wa bonde la mto Kongo. Inaufuata ukingo huo kuelekea magharibi, halafu inakata moja kwa moja hadi mto Kilambo na ziwa Tanganyika. Waingereza walikuwa wamekaza jambo moja. Kati ya maziwa hayo mawili palikuwa na njia iliyoanzishwa mwaka 1881 kwa fedha za tajiri wa Glasgow, James Stevenson, nao walitaka hiyo Barabara ya Stevenson ibaki kwao. Mstari ukapita kaskazini ya barabara.

Sasa, ukingo wa bonde kwa Kiingereza huitwa "watershed". Nimeshawahi kusikia mwalimu akilifafanua darasani: "water" ni maji, "shed" ni banda, kwa hiyo ni kama banda la maji, tangi. Simlaumu, maana mimi ndiye niliyesema "tariff" ni faini. Lakini "shed" hii siyo banda. Ni kitenzi cha zamani cha Kiingereza chenye maana ya kutenganisha, na neno lote lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kuiga neno la Kijerumani, "Wasserscheide", mgawanyo wa maji. Ona kichekesho hicho: Waingereza na Wajerumani wanagawana nchi, na wanaigawia kwenye kitu ambacho jina lake la Kiingereza limefasiriwa kutoka Kijerumani.

Ukitaka kuielewa "watershed" bila kamusi, njoo Tunduma masika. Mji umekaa juu ya mgongo wa nchi. Mvua inayoanguka upande wetu huteremka kaskazini hadi ziwa Rukwa, na hapo safari yake imekwisha, kwa sababu Rukwa halina njia ya kutokea. Maji hukauka na jua. Mvua inayoanguka ng'ambo kidogo, Nakonde, huingia kwenye vijito vya mto Chambeshi, inapita ziwa Bangweulu, inakuwa Luapula, inakuwa Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaliyotoka wingu moja, yameanguka hatua chache mbalimbali. Moja linafia Rukwa, jingine linaiona Matadi. Kila ninapoliwaza hilo nasahau hata foleni.

Kwa maji, basi, mstari ule una maana. Kwa watu hauna. Wanyamwanga walikuwa wanaishi pande zote mbili za mgongo huo, wanalima mtelemko huu na ule, wanaoana. Bonde la Kongo halikuwa linawahusu hata kidogo. Waliokaa Berlin walichagua ukingo wa maji kwa sababu ni kitu unachoweza kukiandika kwenye karatasi bila kufika, ukiamini kwamba mtu atakwenda kukitafuta baadaye.

Na kweli walikwenda. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilipita kati ya Nyasa na Tanganyika ikipima, upande wa Waingereza ukiongozwa na mpimaji Charles Close. Mpaka ukawekewa alama. Tunaziita "bikoni", na kama umewahi kugombania kiwanja unalijua vizuri neno hili. Kiingereza chake, "beacon", kwanza kilikuwa ishara ya aina yoyote, kisha kikawa moto unaowashwa mlimani kuwaonya watu kwamba adui anakuja. Wapimaji wakalichukua kwa sababu nao walihitaji kitu cha kuonekana kutoka kilima hadi kilima. Kwetu moto umezimika, umebaki mnara mdogo wa zege ambao mtoto anaukalia akila muwa, mguu mmoja Zambia.

Kuna sehemu moja ya mkoa wetu ambako mpaka hauko mgongoni bali mtoni. Shuka Ileje ukutane na mto Songwe, ng'ambo ni Malawi. (Tahadhari: tuna mito miwili yenye jina hilo. Mmoja unakwenda Rukwa, huu wa mpakani unakwenda Nyasa. Usije ukamwandikia mtahini wa jiografia ule mwingine.) Huku chini, kuelekea Kyela, mto huu una tabia ya kuhama. Unafurika, unakata kona mpya, na mtu anaamka shamba lake liko upande mwingine wa maji.

Waroma walikuwa na neno kwa watu wa namna hii. Mto mdogo kwa Kilatini ni "rivus", na mtu anayechota au kumwagilia kwenye mto mmoja na wewe ni "rivalis". Ndiyo asili ya "rival", mpinzani. Kabla hajawa mtu unayeshindana naye kwa mpira au mchumba, alikuwa jirani wa maji. Ukiwasikiliza wakulima wa kingo mbili za mto unaelewa haraka maana ilivyogeuka: nani amefungulia mfereji usiku, nani amelima hadi ukingoni. Lakini napenda kukumbuka kwamba neno lilianza na kushirikiana, na kwamba Tanzania na Malawi zina mradi wa pamoja wa bonde la mto Songwe, ambao moja ya shabaha zake ni kuutuliza mto usihamehame. Kwa Kilatini, nchi hizi mbili ni "rivales" halisi kabisa, na haina maana kwamba zinagombana.

Mei 2020 neno jingine lilitufikia kwa nguvu. Korona ilipopanda Nakonde, Zambia ilifunga mpaka kwa muda, na kila mtu Tunduma akawa anasema "karantini". Madereva walilala chini ya malori. "Quarantine" ni siku arobaini kwa Kiitalia cha Venice. Kabla yake, mwaka 1377, mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliwaweka wageni kando kwa siku thelathini kwa kuogopa tauni. Baadaye siku zikaongezwa. Kwa hiyo "karantini ya siku kumi na nne", kama tulivyosema sote, ni arobaini ya siku kumi na nne. Hakuna aliyelalamika.

Hadi hapa ungeweza kufikiri sisi ni wapokeaji tu, tunakaa mpakani maneno yanaletwa. Siyo hivyo.

Chukua "boda". Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha watu na mizigo ile sehemu iliyo kati ya vituo viwili vya mpakani, wakiita abiria kwa Kiingereza cha mtaani: boda! boda! yaani mpakani, mpakani. Baiskeli zikawa pikipiki, jina likabaki, likasafiri hadi Mlowo na Vwawa ambako bodaboda anakupeleka gengeni wala hakuna mpaka popote. Kisha neno likarudi lilikotoka: magazeti ya Kiingereza ya Kampala na Nairobi huandika "boda boda" bila kufafanua. Na "border" yenyewe ina undugu na "board", ubao, kwa maana ya zamani ya ukingo. Kwa maneno mengine, bodaboda na Bodi ya Mikopo ni ndugu. Wanafunzi wenzangu mnaosoma hii mkiwa mnadaiwa na wote wawili, poleni.

Halafu kuna lile ninalolipenda kuliko yote. Juni 2022 Kamusi ya Kiingereza ya Oxford iliingiza kundi kubwa la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Nilikuwa nayapitia usiku, simu mkononi: jembe, sufuria, mabati, unga. Nikafika herufi P. "Panya route." Njia ya siri ya kuvuka mpaka, hasa kwa magendo.

Nilikaa kimya muda mrefu. Ile njia ya nyuma ya nyumba, yenye matope, ambayo baiskeli mbili zilipita jioni ile kwa sababu yangu, imo kwenye kamusi ya Oxford. Mwanafunzi wa London akilikuta kwenye kitabu ataliangalia na kulikariri kama mimi nilivyotakiwa kulikariri "tariff". Inawezekana akaulizwa na shangazi yake, akabahatisha.

Siku hizi Tunduma ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais wa nchi zote mbili, na mtu anakamilisha taratibu za pande mbili mahali pamoja. Shangazi ameacha kuvuka, magoti. Anauzia mchele nyumbani, Wazambia wenyewe wanamfuata.

Mwaka jana nilimpigia. Baada ya shikamoo na habari za mafuta ya kupikia kupanda, nikamwambia lile jambo. Kwamba neno la kwenye fomu halikuwa faini. Lilikuwa ndugu wa taarifa.

"Taarifa?"

"Ndiyo, shangazi. Walikuwa wanataka taarifa ya mzigo tu. Namba ya mchele."

Akanyamaza. Nikasikia kuku nyuma yake. "Sasa si ungesema taarifa, mwanangu. Taarifa ningewapa."

Nikaomba radhi, kwa kuchelewa miaka kumi na mitatu. Akacheka, akauliza: na faini, hiyo ya kweli, kwa Kiingereza wanaiitaje? Nikamwambia ni "fine", sisi ndio tuliochukua kwao. Akashtuka, maana wajukuu wake kila siku wanarudi shuleni wakiimba kwamba wao ni "fine". Nikamweleza kwamba yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kilatini la mwisho, kikomo: kitu kilichokamilishwa vizuri ni "fine", na fedha ya kumaliza kesi ni "fine".

"Kwa hiyo wale jamaa walininyang'anya magunia mawili," akasema, "halafu kwa Kiingereza nikawa mzima wa afya." Kisha akaniambia nikate simu, kuna mteja mlangoni na anaongea Kinyamwanga cha ng'ambo.